Kianzio cha Nyumba Kikikwama kwa Dalali: Hatua za Kisheria kwa Mnunuzi wa Tanga

Umeoneshwa nyumba Mikanjuni, ukaipenda. Dalali akasema kuna mtu wa Muheza anakuja na pesa kesho asubuhi, hivyo utume chochote nyumba ishikwe. Jioni ileile ukamtumia milioni tano kwa simu. Wiki mbili baadaye unakwenda kumsalimia mwenye nyumba, anakukaribisha kahawa, kisha anakuuliza: "Mwanangu, mbona ile pesa hamjaileta?"

Kaka yangu yalimkuta haya. Pesa yake ilirudi, ila baada ya miezi saba ya kugonga milango isiyomhusu. Alianza polisi akaambiwa hilo ni deni, akaenda serikali ya mtaa akaambiwa asubiri kikao, akarudi kwa dalali akapewa ahadi ya Ijumaa, na Ijumaa ikawa nyingine na nyingine. Nimeupanga mwongozo huu jinsi ambavyo ningependa mtu angempangia siku ya kwanza. Sheria ninazozitaja ni za Tanzania Bara, na mifano ni ya hapa Tanga, ambako tangu Chongoleani ilipochaguliwa kuwa mwisho wa bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, naona wageni wengi wakiulizia nyumba na kila kijiwe kina dalali wake.

Pesa hii ya kuishika nyumba wazee wa pwani wanaiita arubuni. Mtaani tunasema kianzio, advansi au kishika uchumba. Nitatumia kianzio.

Jibu maswali mawili kabla hujamfuata mtu

Swali la kwanza: pesa ilipokelewa na nani, na kwa niaba ya nani? Nalisisitiza hili kuliko jambo lolote kwa sababu jibu lake ndilo linaloamua unamdai nani.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ina sehemu nzima inayohusu wakala na mtu aliyemtuma. Anachofanya wakala ndani ya mamlaka aliyopewa huhesabiwa kuwa amekifanya aliyemtuma. Kwa hiyo kama mwenye nyumba alimruhusu dalali kupokea pesa, siku ulipomlipa dalali ulikuwa umemlipa mwenye nyumba. Dalali akiila, huo ni ugomvi wao wawili. Wewe una haki ya kumdai mwenye nyumba, na unaweza kuwashitaki wote wawili katika shauri moja.

Shida ni kwamba madalali wengi wanaruhusiwa kuonesha nyumba na kuleta mteja, basi. Kupokea pesa ni mamlaka nyingine kabisa, na mwenye nyumba atakwambia, pengine kwa haki, kwamba hakumpa. Hapo utahitaji kuonesha kuwa yeye mwenyewe, kwa maneno au matendo, ndiye aliyekufanya uamini kuwa dalali ana ruhusa hiyo. Tuseme mlipokwenda kuiona nyumba, mzee alisema mbele ya mkeo: "Mambo ya pesa malizaneni na kijana wangu huyu." Sentensi hiyo inaweza kubeba kesi nzima. Iandike leo, na tarehe yake, mahali, na majina ya waliokuwepo, kabla kumbukumbu haijafifia.

Hali ya tatu ni ya dalali ambaye mwenye nyumba hamjui kabisa. Aliipiga picha nyumba akiwa barabarani, au alikuwa na funguo kwa kuwa aliwahi kupanga humo. Mtu anayejifanya wakala bila kutumwa anawajibika yeye binafsi kufidia hasara uliyopata kwa kumwamini, na juu ya hapo amejiingiza kwenye jinai.

Ya nne watu huisahau: dalali ni wako. Ulimtafuta wewe, akakutafutia nyumba Raskazone, ukampa pesa aipeleke. Huyo alikuwa wakala wako, na mwenye nyumba ambaye hakupokea kitu hana deni kwako. Ni dalali anayewajibika kukutolea hesabu ya kila shilingi.

Swali la pili ni jepesi kuuliza na gumu kulijibu: unataka nyumba au unataka pesa yako? Watu husema vyote viwili, kisha wakajikuta wamefungua shauri la ardhi kwa ajili ya deni, au wamedai deni huku nyumba inauzwa kwa mwingine. Kaa na familia yako usiku mmoja, mkate shauri. Ukitaka nyumba, kazi ya kwanza ni kuizuia isiuzwe. Ukitaka pesa, kazi ya kwanza ni ushahidi na barua ya madai.

Siku mbili za kwanza: ushahidi

Usimgombeze dalali bado. Ukishamtisha, atanyamaza, na ukimya wake hautakusaidia mahakamani. Mwandikie ujumbe wa kawaida, wa heshima, unaomlazimu kukiri au kukana:

"Habari kaka. Nakukumbusha kuhusu shilingi 5,000,000 nilizokutumia tarehe 3 Machi kuwa kianzio cha nyumba ya Mikanjuni. Naomba unijulishe kama umeshamkabidhi mwenye nyumba, na lini."

Akijibu "Pesa ninayo ndugu yangu, nipe wiki moja," ameshakiri kiasi, sababu na kwamba haijafika. Jumbe za simu na WhatsApp zinapokelewa mahakamani. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa aina hiyo, mradi uweze kuonesha umetoka wapi na kwamba haukuchezewa. Kwa hiyo usifute mazungumzo, usibadilishe simu ukaitupa ya zamani, na ukipiga picha za skrini ziwe zinaonesha namba na tarehe. Utahitaji pia hati ya kiapo inayoeleza namna zilivyopatikana.

Kama ulituma kwa M-Pesa, Airtel Money au mtandao mwingine, nenda kwenye duka la mtandao huo uombe taarifa ya miamala iliyochapwa na kugongwa muhuri. Ile meseji ya muamala peke yake inafutika kirahisi. Kama ulilipa benki, omba taarifa ya akaunti. Kama ulitoa taslimu bila risiti, waliokuwepo ndio ushahidi wako: waombe waandike walichokiona na kutia saini mapema, wakati bado mnaelewana.

Kuna jambo linalowaangusha watu wenye haki zao. Ikiwa mliandikiana mkataba wa mauzo, angalia kama umelipiwa ushuru wa stempu. Chini ya Sheria ya Ushuru wa Stempu, Sura ya 189, hati inayotakiwa kulipiwa ushuru huo haipokelewi kuwa ushahidi mpaka ushuru na adhabu yake vilipwe. Wakili wa upande wa pili ataliinua pingamizi hilo siku mbaya kuliko zote. Pitia TRA, mamlaka ya mapato, kabla hujafika mahakamani.

Na kama hamkuandikiana chochote? Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inataka mkataba wa kuhamisha ardhi uwe wa maandishi, kwa hiyo kumlazimisha mtu akuuzie nyumba kwa maneno ya barazani ni vigumu sana. Lakini kudai pesa uliyotoa ni jambo jingine. Aliyepokea faida chini ya makubaliano yasiyo na nguvu kisheria anatakiwa kuirudisha. Kukosa mkataba kunaweza kukunyima nyumba; hakumpi dalali haki ya kukalia milioni zako.

Mwendee mwenye nyumba

Watu wanaikwepa hatua hii kwa aibu, au kwa sababu dalali aliwakataza. Nenda. Nenda na mtu mzima mmoja anayeheshimika, piga shikamoo yako, ueleze bila kumtuhumu mzee. Unataka kujua mambo matatu tu: anamjua dalali huyu? Alimruhusu kupokea pesa? Amepokea kiasi gani? Akikubali kuyaandika majibu yake kwenye karatasi na kusaini, umeshaokoa nusu ya safari.

Ukiwa hapo, chunguza pia kama mwenye nyumba mwenyewe ana uwezo wa kuuza. Hapa Tanga, hasa Ngamiani, nyumba nyingi ni za urithi. Ndugu mmoja anaweza kuwa anaishi ndani na kuitangaza nyumba huku wengine wako Mombasa na Dar es Salaam. Anayeuza nyumba ya marehemu anapaswa kuwa msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Akiteuliwa na Mahakama ya Mwanzo atakuwa na Fomu Namba 4. Omba kuiona. Ikiwa ni nyumba ya ndoa, mwenzi asiyehusishwa anaweza kuyapinga mauzo, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Ukigundua muuzaji hakuwa na uwezo wa kuuza, swali la pili limejijibu lenyewe: dai pesa.

Ukitaka nyumba, ifunge isiuzwe

Nenda Ofisi ya Ardhi ya Mkoa, ufanye upekuzi kwa Msajili wa Hati. Tangu 2020 kila mkoa una ofisi yake, kwa hiyo kazi hii unaifanya hapahapa Tanga. Utalipa ada, utajibiwa jina la mmiliki aliyesajiliwa, na kama nyumba imewekwa rehani benki au ina zuio la mtu mwingine. Fanya hivi hata kama umeshaoneshwa hati, maana nakala ya rangi si hati.

Kama nyumba ina hati na mkataba wako ni wa maandishi, Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334, inakuruhusu kuweka zuio kwenye daftari la msajili. Utajaza fomu ukieleza maslahi unayodai juu ya ardhi hiyo, utaambatanisha mkataba na uthibitisho wa malipo, utalipa ada. Mmiliki ataarifiwa, na anaweza kwenda Mahakama Kuu kuomba liondolewe. Ndiyo sababu usiliweke bila msingi, na usiliweke kama unachotaka ni pesa tu. Zuio linakupa muda wa kufungua shauri lenyewe. Usilichukulie kuwa hukumu.

Nyumba nyingi za Makorora, Mabawa au Magaoni hazina hati. Huko andika barua kwa mtendaji wa mtaa na kwa idara ya ardhi ya Jiji ukiwajulisha madai yako, nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Barua hizo haziwezi kumzuia muuzaji kwa nguvu ya sheria, ila mnunuzi mwingine hataweza kusema hakuwa na namna ya kujua. Kinachomzuia kweli ni amri ya zuio la muda kutoka kwenye chombo chenye mamlaka. Ili uipate lazima uoneshe kuwa una hoja ya msingi, kuwa hasara yako haitafidika vizuri kwa pesa, na kuwa ukinyimwa utaumia kuliko atakavyoumia yeye ukipewa.

Barua ya madai

Iwe fupi. Taja tarehe na kiasi, taja kilivyopokelewa na kwa ajili ya nini, taja kilichokwenda kombo, kisha sema unachotaka na lini. Siku 14 ni muda unaozoeleka. Malizia kwa kusema kuwa muda ukipita utafungua shauri kudai pesa, riba na gharama, bila kumpa taarifa nyingine. Mpe dalali, na mpe mwenye nyumba kama uchunguzi wako unaonesha naye anahusika. Ipeleke kwa mkono, asaini nakala yako. Akikataa, aliyeandamana nawe aandike kuwa ameshuhudia akikataa. Wakili anaweza kukuandikia, na mara nyingi karatasi yenye jina la wakili humfanya mtu aliyekuwa hapokei simu akapokea.

Akijibu kwamba "kianzio hakirudi", usikate tamaa hapohapo. Kama wewe ndiye uliyeghairi bila sababu, anaweza kuwa na hoja, ingawa hata hapo Sheria ya Mikataba inampa aliyevunjiwa mkataba fidia inayofaa tu, isiyozidi kiasi kilichotajwa. Lakini mauzo yakivunjika kwa kosa la muuzaji au wakala wake, neno hilo haliwalindi.

Na tafadhali usiweke picha yake kwenye magrupu ya mtaa ukimwita mwizi. Najua hasira ya kuona pesa ya miaka inapotea. Hata sisi nyumbani tulikaribia kufanya hivyo. Anaweza kukugeuzia kibao kwa madai ya kashfa, na wewe mwenye haki ukawa mdaiwa.

Polisi: wakati gani, kwa maneno gani

Kushindwa kulipa deni peke yake si kosa la jinai, na ndiyo maana kaka yangu alirudishwa. Yako mambo mawili yanayoigeuza hali kuwa jinai chini ya Sheria ya Kanuni za Adhabu, Sura ya 16. La kwanza ni kujipatia pesa kwa njia ya udanganyifu: alikwambia jambo la uongo akijua ni uongo, kwa mfano kwamba ametumwa na mwenye nyumba, na wewe ukalipa kwa kuliamini. La pili ni wizi wa wakala: alikabidhiwa pesa aifikishe mahali fulani, akaitumia kwa mambo yake.

Ukifika kituoni, Chumbageni au kituo kingine, usianze na "ananidai, namdai". Anza na uongo wenyewe: alisema nini, lini, ukweli ni upi, nani anathibitisha. Karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba kwamba hamjui mtu huyo ina uzito mkubwa hapa. Chukua RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha kituo, na uitunze.

Mahakama ya jinai ikimtia hatiani inaweza kuamuru akulipe fidia, ila usilitegemee hilo peke yake. Kesi ya jinai ni ya Jamhuri, wewe ni shahidi, na ushahidi unatakiwa kuthibitika pasipo shaka. Shauri la madai unaweza kulifungua hata kama jinai inaendelea. Dalali akitaka kukulipa mkiwa kituoni, mkubaliane kwa maandishi yenye tarehe za malipo na saini za mashahidi. Usikubali kusaini kuwa umelipwa kabla pesa haijaingia.

Kama pesa aliishika wakili kwa ajili ya mauzo na haitoi, una mlango wa ziada: Kamati ya Mawakili, iliyo chini ya Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, hupokea malalamiko ya nidhamu na inaweza kumfuta kwenye orodha. Dalali wa kijiweni hana kitu anachoogopa kupoteza namna hiyo.

Ni mahakama ipi?

Ukidai pesa tu, kwa kawaida hilo ni shauri la mkataba na linakwenda mahakama za kawaida. Mahakama ya Mwanzo inasikiliza madai ya aina hii yasiyozidi shilingi milioni 30, na vianzio vingi vya hapa kwetu vinaingia humo. Ni mahakama ambayo mtu anaweza kujisimamia mwenyewe kwa Kiswahili chake. Zaidi ya hapo, hadi milioni 200, ni Mahakama ya Wilaya.

Ukidai nyumba, hilo ni shauri la ardhi, na kabla ya yote unapaswa kupitia Baraza la Ardhi la Kata kwa usuluhishi. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, baraza la kata haliamui tena nani mwenye ardhi, linasuluhisha tu. Likishindwa linakupa cheti cha kuthibitisha hivyo. Zikipita siku 30 bila suluhu unaweza kuendelea hata bila cheti. Hatua inayofuata ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kwa nyumba yenye thamani isiyozidi milioni 300, na juu ya hapo Mahakama Kuu, ambayo ina kanda yake hapa Tanga. Watu wanaoruka baraza la kata hufukuzwa mlangoni baada ya kulipa ada na kupoteza miezi.

Dalali akihamia Dar es Salaam usimfuate kama ulimlipa hapa. Shauri la mkataba linaweza kufunguliwa anakoishi mdaiwa au mahali chanzo cha madai kilipotokea.

Usilale pia. Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, inatoa miaka 6 kwa madai ya mkataba na miaka 12 kwa kudai ardhi. Kukiri deni kwa maandishi yenye saini kabla muda haujaisha huanzisha hesabu upya, kwa hiyo ile karatasi ya ahadi aliyokuandikia dalali ihifadhi hata kama imekuchosha.

Huna pesa ya wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, na wako katika kata zetu; ulizia kwa ofisa maendeleo ya jamii. Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania, TAWLA, nacho kimekuwa kikihudumia watu hapa Tanga. Nenda na nakala, usiache karatasi halisi kwa mtu yeyote.

Kabla na baada ya hukumu

Katika Mahakama ya Wilaya na Mahakama Kuu mtapelekwa kwanza kwenye usuluhishi. Ukubali kuzungumza. Mkipatana, makubaliano yasajiliwe mahakamani yawe amri, ili akivunja ahadi usianze shauri jipya.

Ukishinda na halipi, unaomba kukaza hukumu: kukamatwa kwa mali yake, kuzuiwa pesa iliyoko kwenye akaunti yake, au hatimaye kuwekwa gerezani kama mfungwa wa madai. Mahakama haitakutafutia mali hizo. Tangu siku ya kwanza andika unachokijua juu ya dalali: pikipiki yenye namba gani, kiwanja kiko wapi, anatumia benki ipi. Ukiona anaanza kuviuza wakati shauri linaendelea, omba vizuiliwe kabla ya hukumu.

Pesa ikiingia yote, andikianeni kuwa deni limeisha, peleka nakala mahakamani faili lifungwe, na kama uliweka zuio kwa Msajili, nenda ukaliondoe wiki hiyohiyo. Mzee wa watu naye anataka kuuza nyumba yake.